Nyumba Iliyovuka Mpondwe kwa Vipande

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa mbili na nusu asubuhi, Resty alipanga kompyuta sita juu ya meza ndefu za ukumbi wa parokia mjini Bwera, akazipangusa vumbi la barabara, kisha akaanza kuwauliza wazee maswali. Kompyuta zilitoka Kasese nyuma ya pikapu, zimelazwa juu ya magunia ya mahindi, na moja bado ilikuwa na punje mbili zimenasa kati ya herufi. Maswali yalikuwa kumi. La kwanza lilikuwa leo ni siku gani, na la kumi lilikuwa nyumba yako iko wapi.

Mama Geneviève, muuza vitenge mstaafu wa miaka sabini na mbili, alikuwa wa tano kwenye foleni. Siku aliikosa, alisema Alhamisi. Alipoambiwa atoe saba kwenye mia alijibu kabla swali halijaisha, maana biashara ya miaka thelathini katika soko la Butembo ilikuwa imemkaa mwilini. Wanyama alitaja mbuzi, kuku, ng'ombe, halafu mbuzi tena. Swali la kumi hakulifikiria hata kidogo.

"Iko Butembo," alisema. "Barza mbele, madirisha ine ya kuangalia njia, na mulango ya kijani."

"Hapana, Mama, bambi, pole. Saa hii wewe nakaa wapi?"

"Saa hii niko nalala kwa mutoto yangu Marlène, kule nyuma ya soko. Lakini we uliuliza nyumba."

Resty aliandika sifuri, tena aliiandika ndogo kwa huruma. Karatasi ilitaka jibu la Bwera, na karatasi haina masikio.

Mradi ule ulikuwa wa kuamsha akili za wazee. Daktari mmoja wa Kasese alisoma mahali kwamba mtu mzima akichora nyumba katika kompyuta, akibishana na nafsi yake mlango uingie wapi na kitanda kielekee upande gani, ubongo wake haupati nafasi ya kusinzia. Basi akatafuta programu ya kuchorea nyumba, ile ya mafundi wa mijini, akamkabidhi Resty, nesi wa mradi, mwanamke mwenye subira ya kuchambua mchele gizani. Ukivuta kipanya, ukuta unatokea. Ukibonyeza pembeni, nyumba inasimama, nawe unaingia na kuzunguka vyumbani bila kuumwa magoti. Kulikuwa pia na orodha ya vyombo: makochi, vitanda, mabafu ya kulalia, na mti wa Krismasi ambao Afande Oryem, mwanajeshi mstaafu, aliuweka ndani ya ghala la silaha alilolichora siku ya kwanza na akakataa kuutoa.

Wazee walikuwa kumi na wawili, wawili kwa kila kompyuta. Geneviève alikaa na Tabisa, mkulima wa vitunguu aliyezaliwa Maliba, mwenye moyo mwema na mikono isiyotulia. Mashine ya jirani ilikuwa ya Oryem na Tefiro. Huyo Tefiro ndiye mwenyekiti wa kijiji, na muhuri wake ulikaa mfukoni hata wakati wa kuchora.

Kusahau kulikuwa kumemwanza Geneviève mwaka uliopita. Aliinjika sufuria bila maji. Alimwita Marlène kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Hayo aliyacheka. Aliogopa jambo moja tu, na aliliogopa kweli: kuisahau ile nyumba ya Butembo kabla hajaingia tena ndani yake.

Nyumba ile aliijenga yeye. Thembo, mumewe, alikuwa mwalimu, mtu mpole wa kusoma magazeti ya juzi. Matofali yalitoka kwenye vitenge. Thembo alipofariki, miaka tisa iliyopita, ukoo wake ulikuja siku ya kumaliza matanga, ukatoa kiti chake cha mbao chenye mikono, ukakiweka kuelekea mlango, ukamkalisha Mbusa, mdogo wake. Katika ukoo ule kiti cha mwenye nyumba hakiachwi wazi. Anayekalishwa juu yake ndiye mwenye nyumba, na vilivyomo ndani vinamfuata, mjane pia. Geneviève alikataa kumfuata. Wiki haikuisha akakuta nguo zake zimewekwa barazani katika magunia mawili, akayabeba, akavuka mpaka pale Mpondwe na binti yake. Bwera alianza tena na vitenge vitatu begani, na haba na haba ikajaza kibaba: akanunua kiwanja ng'ambo ya barabara, mkabala na ukumbi wa parokia, akapanda maharage. Hati aliisaini Tefiro.

Jumanne Resty aliwaambia wachore ukuta mmoja wanaoukumbuka. Geneviève alivua kiatu.

"Ukuta ya salo iko miguu makumi mbili na mbili," alisema. "Kisigino kwa kidole. Nilipima mi mwenyewe siku ya musingi."

Resty aliupima mguu kwa rula, ukawa sentimita ishirini na tatu. Tabisa akashauri kwamba mguu wa kupimia uwe wa asubuhi, maana wa jioni huvimba na nyumba itazidi. Wakakubaliana. Geneviève akavuta kipanya kwa mikono miwili, taratibu, ulimi nje, mpaka ukuta ukafika mita tano na sentimita sita, akauachia.

Saa nne walitoka kunywa chai. Ukuta ulikuwa umesimama kiwanjani, katikati ya maharage.

Tefiro alivuka barabara na kikombe mkononi. Alifunga jiwe kwenye uzi, akaliteremsha kando ya ukuta, akafumba jicho moja. "Umenyooka," alisema. "Lakini umekanyaga mistari mitatu ya maharage."

"Maharage itaota tena," Geneviève alisema. Alikuwa ameshafika, ameshaweka kiganja chake juu ya ufa ulioanzia chini ya dirisha. "Hii ufa, Marlène njo aliifanya na baiskeli. Na hapa, muone, ni penseli ya Thembo. Alikuwa anapima mutoto kila Noeli." Alicheka huku machozi yanamtoka, akasahau chai, na kwa mara ya kwanza ile asubuhi kusahau hakukumtia hofu.

Simu yake iliita. Alienda kuipokelea mbali, mwisho wa kiwanja.

"Geneviève," Mbusa alisema kutoka Butembo, "ukuta ya salo imetoka."

"Imefika," Geneviève alisema, akakata.

Ukuta uliondoka Butembo saa tatu na kufika Bwera saa nne. Kwa kuwa saa za Butembo ziko nyuma kwa saa moja, safari haikuchukua hata dakika.

Tangu hapo ukumbi ule ukachangamka. Wazee waliokuwa wakiburutwa na wajukuu wao saa tatu sasa walifika saa moja na kumkuta mlinzi bado anapiga mswaki. Geneviève alichora kila asubuhi, na kila saa nne kitu kilifika. Jumatano zilikuja kuta tatu zilizobaki za sebule. Alhamisi ilikuja baraza na nguzo zake mbili. Ijumaa ulikuja mlango wa kijani, ukiwa na funguo upande wa ndani, ikabidi Oryem apitie dirishani kuufungua, na alipotokea mlangoni alipiga saluti, wazee wote wakaijibu.

"Mama, hiyo kazi safi," alisema. "Jumatatu leta paa. Hapana chelewa."

Paa lilifika Jumatatu likiwa limelowa, maana Butembo ilikuwa inanyesha. Maji yalitiririka kwenye mabati kwa nusu saa nzima chini ya jua kali la Bwera, na Tabisa akakinga ndoo mbili.

Usidhani wenzake walikaa kumtazama. Kila mtu alichora kwa pupa. Tefiro alichora nyumba ya ghorofa tatu yenye lifti, akakaa barabarani kuisubiri hadi saa saba mchana. Haikuja. Resty alimweleza kwamba kompyuta si mganga. Haiwezi kuleta kitu ambacho hakipo mahali popote. Tabisa alichora nyumba ya mama yake kule Maliba, iliyobebwa na mto alipokuwa msichana, na saa nne yakafika maji matupu, kama ndoo tano hivi, yenye matope. Aliyamwagia vitunguu vyake, akarudi kumsaidia Geneviève kuhesabu miguu ya korido.

Karani wa forodha alikuja na fomu kwenye pikipiki, akauliza vile vitu vilivyovuka ni vipya au vilishatumika. Geneviève alisema vilishatumika. Karani aliweka alama, akasifu mlango, akanywa chai.

Na akili zilikuwa zinaamka, hilo daktari alilipatia. Geneviève hakuzikosa tena siku, kwa sababu kila siku ilikuwa na kitu chake: madirisha yalikuwa Jumanne, dari ya mbao ilikuwa Ijumaa. Alipochora jiko la nje alikumbuka kwamba kigingi cha kutundikia sufuria kilikuwa upande wa kushoto, na kwamba nyuma yake aliwahi kuficha shanga za harusi ili Thembo asiziuze kulipia karo ya mtoto wa mtu mwingine. Saa nne alipitisha mkono nyuma ya kigingi. Shanga zilikuwapo. Alizivaa palepale juu ya sweta, akazivaa kila siku tangu hapo, na Oryem akawa anamwita bibi harusi.

Simu za Mbusa ziliendelea. Bafu imetoka. Kitanda imetoka, nilikuwa juu yake, niko chini. Geneviève alizipokelea mbali na watu, kwa sababu Wakonjo wa Bwera na Wanande wa Butembo wanaelewana lugha, na mambo ya kufukuzwa na shemeji si ya kusimulia mbele ya mandazi. Tabisa alipouliza ni nani huyo anayepiga kila saa nne, alijibu kwamba ni shemeji anayelinda nyumba, maneno ambayo hayakuwa uongo kabisa.

Wiki ya sita Mbusa alipiga akiwa mtulivu.

"Ya nyumba imebakia kiti," alisema. "Kiti ya yaya Thembo, mukubwa yangu. Niko juu yake, na muavuli. Bibi yangu alishaenda kwabo. Majirani beko nacheka. Mi sitoke."

"Ukae muzuri, shemeji," Geneviève alisema, akarudi ukumbini anacheka peke yake kama msichana aliyeandikiwa barua.

Nyumba ilikuwa imetimia. Vyumba vitatu, sebule, korido, jiko la nje, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka pembeni. Usiku alilala kwa Marlène na mchana alizunguka vyumba vyake akifungua na kufunga madirisha. Padri aliahidi kuja kubariki Jumamosi, naye angehamia siku hiyohiyo. Marlène alikuwa ameshafunga magodoro kwa kamba.

"Mama," Oryem alisema Jumatano, akiitazama sebule kwenye kioo cha kompyuta, "kiti ya mzee iko wapi? Hapa kuna nafasi mbele ya mlango. Hapana acha hiyo kituo bila mtu."

"Ile sitaichora," Geneviève alisema. "Ibakie kule."

"Mbona?"

"Ibakie tu."

Alisema hivyo akitazama chini na kuzichezea shanga zake, na wenzake wakaelewa kwamba bado anamlilia marehemu. Hawakuelewa chochote.

Alhamisi alikwenda Kasese kuchukua miwani aliyopimwa na daktari wa mradi. Alitoka kwa daktari anaona hadi theluji iliyoko juu ya mlima, akaingia sokoni, akachagua mapazia manne ya maua ya njano kwa madirisha yake manne. Fundi cherehani aliuliza vipimo, naye akavitaja kwa kichwa, urefu na upana wa kila dirisha, na akamwonya kwamba dirisha la tatu limepinda kidogo upande wa kulia. Alijawa na furaha hadi akamwambia yule fundi, mtu asiyemjua kabisa, kwamba keshokutwa analala kwake.

Bwera, wenzake walikuwa wamebaki na kompyuta na nia njema. Tabisa ndiye aliyeanza.

"Mwanamke nahamia nyumba haina kiti ya bwana yake," alisema. "Watu nasema nini? Nasema hakupenda yeye. Yeye naogopa kuchora, roho nauma. Tuchore sisi. Akirudi nakuta."

"Wema hauozi," Tefiro alisema.

Vipimo walikuwa navyo. Siku ya kwanza Resty aliwataka kila mmoja aeleze kitu anachokipenda, naye Geneviève alikuwa amekieleza kiti cha Thembo, kabla hajajua kompyuta inafanya nini: mikono miwili, mkono wa kushoto umetafunwa na mbwa, mguu mmoja umetiwa kabari ya bati. Yote yalikuwa kwenye daftari. Tabisa alivuta kipanya, Oryem akasoma kwa sauti ya gwaride, Tefiro akahakikisha kinaelekea mlango. Resty aliwapigia makofi, maana kazi ya pamoja nayo ina alama zake. Saa nne ilipopita hakuna aliyeingia kukitazama; walimwachia mwenye nyumba awe wa kwanza.

Geneviève alishuka Bwera saa kumi na moja jioni na mfuko wa mapazia. Wenzake wote walikuwa wamejipanga barabarani. Tabisa alipiga vigelegele, Oryem akachukua mfuko, wakamwongoza hadi mlango wa kijani, wakamsukuma ndani kwa upendo.

Mbusa alikuwa ameketi kwenye kiti, anatazama mlango. Mwavuli wake ulikuwa bado umefunguliwa. Kitanda kilimwacha Butembo, lakini kiti alichokalishwa na ukoo kilikuja naye.

"Umechelewa, shemeji," alisema. "Chai iko wapi?"

Vigelegele vya Tabisa vilikatika. Geneviève aliketi juu ya kochi lake, akauweka mkoba mapajani, na mbele ya watu wote akasimulia yale aliyokuwa akiyapokelea mbali: matanga, kiti, magunia mawili barazani. Alisimulia kwa utaratibu, tarehe na majina ya waliokuwapo, bila kusahau mtu. Alipomaliza, wenzake walitazama sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri ya saruji nyekundu, waliyoipokea kwa makofi Jumatano moja ya mwezi wa nne.

"Mimi natoa yeye," Oryem alisema. "Dakika mbili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu hata siku moja sipei."

"Mi si mugeni," Mbusa alisema. "Niko kwangu."

"Afande, ngoja," Tefiro alisema. "Hii ni mambo ya ukoo." Alitoa muhuri mfukoni, akaushika bila kuufungua. "Mama, kiwanja ni yako. Mimi nilisaini, hakuna mtu nakataa. Lakini nyumba ilikuja na mwenyewe ndani. Na yeye alikalishwa."

"Ni mi njo nilijenga."

"Najua."

"Ni mi nilichora."

"Najua, Mama. Sisi wote tuliona."

Tefiro alivitazama vidole vyake. Nyumba anayolala yeye aliingia kwa kiti cha kaka yake, mwaka wa mvua nyingi, na mjane alirudi kwao Ibanda na kuku wanne. Hilo kila mtu pale alilijua, na hakuna aliyelitaja, kwa sababu wanaume watatu kati ya waliosimama sebuleni walikuwa na viti vya namna hiyo, na Tabisa mwenyewe aliwahi kurithiwa pamoja na kimoja. Tefiro akaamua kwamba udongo wa chini ni wa Geneviève, nyumba ya juu ni ya Mbusa, na kwamba Mbusa, kwa kuwa anakanyaga ardhi ya mtu, awe anamsalimia kila wanapoonana. Mbusa hakupinga. Alimsalimia palepale.

"Yambo, shemeji."

Ijumaa asubuhi Geneviève alifika ukumbini kabla ya wote. Tabisa alimfuata na macho mekundu, akakaa kando yake, akamsogezea kipanya. Walikitafuta kiti kwenye mchoro wakakifuta. Saa nne ilipogonga, kiti kilitoweka chini ya Mbusa. Alianguka, akainuka, akajikung'uta, akaketi kitandani. Wazee walikwenda kumuuliza Tefiro kama sasa hali imebadilika. Tefiro alifikiri sana, na ilionekana kweli anafikiri. Akasema mtu akishakalishwa amekalishwa. Kiti ni mbao tu.

Geneviève alijaribu kufuta mlango, akafuta paa. Kompyuta ilivifuta kwenye kioo, lakini ng'ambo ya barabara bati halikutikisika. Resty alipiga simu Kasese, na Kasese wakasema kile kiti hakikuchorwa na mwenye kumbukumbu, ndiyo maana kilifutika, lakini kitu kilicholetwa na mtu anayekikumbuka mwenyewe hakiondoki. Padri alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Alibariki nyumba.

Jumatatu Mbusa alikuja darasani. Alikuwa na miaka sitini na minane, na mradi ulikuwa wa kila mtu aliyepita sitini, kwa hiyo Resty alimwandikisha. Alilalamikia macho, akapewa mashine ya dirishani. Alijifunza haraka. Alivua kiatu kama wengine, akapimwa mguu, akachora ukuta wa ua na geti la chuma alilolifunga kule Butembo mwaka ule Geneviève alipoondoka, na ambalo Geneviève hakuwahi kuliona, ndiyo maana hakulichora. Saa nne ua ulifika. Ulizunguka kiwanja chote, maharage ndani, na kwenye geti palikuwa na kufuli.

"Yambo, shemeji," Mbusa alisema wakati wa chai.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, saa mbili na nusu asubuhi, Resty alitoa tena karatasi ya maswali kumi. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala vizuri kwa shauku, maana daktari alikuwa anasubiri matokeo kwenye simu. Wote walipanda. Oryem alitoka nne hadi nane. Tabisa alitoka sita hadi tisa, na swali alilolikosa ni lile la kueleza jambo jema alilolifanya mwaka huu.

Geneviève aliketi mbele ya meza na miwani yake na shanga zake. Alisema ni Jumatatu, tarehe moja. Alitoa saba kwenye mia mpaka akafika mbili na kuuliza kama aendelee. Alitaja wanyama thelathini na mmoja, hakurudia mbuzi.

Resty alikuwa amesimama sasa, kalamu mkononi. "Mama, moja imebaki. Ukipata hii, wewe ni wa kwanza Kasese yote. Nyumba yako iko wapi?"

Geneviève aligeukia dirishani. Mbusa alisogeza kichwa ili asimzibe.

"Iko pale," alisema, akaonyesha kwa kidole. "Barza mbele, madirisha ine, mulango ya kijani. Rido ya njano, niliinunua Kasese tarehe kumi na sita ya mwezi wa ine. Dirisha ya tatu imepinda kuume. Musingi niliipima na mguu yangu. Ndani mule analala shemeji, na ufunguo iko kwa mufuko yake ya shati."

Resty alitazama nje, akalinganisha. Kila kitu kilikuwa sawa, hata mfuko. Akaandika kumi juu ya kumi, akaizungushia duara, akamkumbatia.